Mahali Penye Mishale

Ngokolo, Shinyanga
Jumapili, 14 Januari 2024

Mwanangu Makoye,

Nakusalimu baba. Sisi huku tunaamka, tunalala, na mvua inanyesha, mengine utayasoma. Naandika nimekaa kwenye kiti cha gari lako hapa uani, maana ndicho kiti pekee nyumbani kisichoyumba. Ningekupigia simu, lakini yako uliiuza ukanunua difu la kuzungushia magurudumu ya gari, na yangu iliingia kwenye beseni la nguo sikukuu ya Krismasi haijaamka tena. Difu ninalo hapa miguuni. Ni zito, linang'aa, ila haloo halisemi.

Januari, yule konda wa basi la Geita, amekubali kubeba barua zetu. Ataziacha kwa Hosiana, yule mama wa chakula wa Kalangalala uliyesema unakula kwake ukishuka mjini Jumapili. Usicheke mwandiko. Mimi ni wa darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa mgonjwa miaka miwili.

Gari ulilokuwa unaliunda liko kama ulivyoliacha. Mabomba uliyochomelea yalianza kutu, nimeyapaka oili chafu. Magurudumu yote manne nimeyaweka juu ya matofali yasilale kwenye maji. Injini ya pikipiki ya marehemu baba yako iko chini ya kitanda changu, nimeifunga na kanga. Watu bado wanapita kutazama. Baba Feisal wa dukani haachi siku ipite bila neno. Jana kasema, "Mama Makoye, hiyo ndege yenu inaruka lini?" Nikamwambia, "Ikiruka wewe utabaki hapo hapo na vipande vyako vya sabuni." Akacheka mpaka akakohoa. Nilipoingia ndani nililia kidogo, sikufichi.

Makoye, siku ile unaondoka, begi liko begani, ulisema neno pale mlangoni. Ulisema, "Mama, siku gari hili litakapotoka hapa likafika sokoni mjini na kurudi lenyewe bila kusukumwa, naacha machimbo, nafungua karakana hapa hapa uani." Labda ulisema tu ili nisilie. Mimi nimelishika. Wiki iliyopita tumemzika kijana wa Mama Ndaki. Ameletwa kutoka huko machimboni, walimtoa chini siku ya tatu. Nilimtazama Mama Ndaki anavyokaa. Hakai kama mtu, anakaa kama nguo aliyoivua mtu akaiacha kwenye kiti. Nikarudi nyumbani nikalitazama gari, nikasema hili silingojei. Nitalimaliza mimi.

Nimeongea na Edson wa kuchomelea. Atakuwa anakuja jioni akitoka kwenye kazi zake. Anasema chuma anakijua, lakini akili ya gari hili unayo wewe. Basi tuchoree. Chora kila kitu, weka namba, mimi nitamsomea.

Na uniambie kweli, shimoni hushuki? Nakutumia blanketi. Ulipokuwa na miezi mitano kichomi kilitaka kukuchukua, nikakufunika, siku nne sikukuweka chini. Baridi ndiyo adui yako, usimsahau.

Mimi mama yako,
Apolonia


Kalangalala, Geita
Jumapili, 28 Januari 2024

Mayu, shikamoo.

Barua nimeisomea hapa kwa Hosiana, chai imepoa sijainywa. Kwenye sabuni za Baba Feisal nilicheka kwa sauti, halafu nikafika kwa Mama Ndaki nikaiweka barua mezani kwanza.

Sikujua kama neno lile ulilishika hivyo. Basi nalirudia kwa maandishi, uwe nalo: likienda sokoni na kurudi lenyewe, siku nitakayopata habari ndiyo siku nitakayoaga.

Mimi sishuki, mama. Niko juu, kwenye winchi. Wale wa chini wanajaza mawe kwenye viroba, sisi wa juu tunazungusha, kiroba kinapanda. Shimo huku tunaliita duara, na duara letu ni la mtu anaitwa Davis. Si mbaya, ni kelele tu. Mimi wananiita Injinia. Juzi Davis kanisimamia, "Injinia, si unajua mambo ya injini? Basi ingia wewe uwe injini, zungusha!" Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nikazungusha.

Mchoro ni hiyo karatasi kubwa. Namba moja, difu likae kwenye ekseli ya nyuma, na sproketi yake, lile gurudumu la meno la cheni, itazamane na ile ya injini. Zikipishana hata unene wa kidole, cheni itaruka. Namba mbili, injini ikae nyuma ya viti. Namba tatu, gia ni ile ile ya mguu ila nimechora mkono wa kuivuta. Ribasi hakuna. Injini ya pikipiki haijui kurudi nyuma, mkitaka kugeuza mtu ashuke asukume. (Hiyo siihesabu kama kusukumwa!)

Namba nne ni mahali penye mishale, kule ubavuni na nyuma ya injini. Hapo ndipo roho ya kazi yote. Mengine yakikosewa tutarekebisha, lakini hapo mwambie Edson apaangalie sana.

Blanketi nimelipata. Ila mama, huku ni joto.

Ni mimi mwanao,
Makoye


Ngokolo, Shinyanga
Jumapili, 11 Februari 2024

Makoye baba,

Mchoro nimeubandika ukutani, pale ilipokuwa kalenda ya kanisa. Padri akija kututembelea nitamwambia tarehe naziweka kichwani.

Difu limekaa. Ekseli imekaa. Sproketi tulizipima kwa uzi wa sweta ninalokufumia. Nilishika ncha moja nimelala kifudifudi kwenye tope, Edson kashika ya pili, tukavuta uzi ukanyooka kama mstari wa daftari. Edson akasema, "Mama Makoye, ungesoma wewe tungekuwa tunakusikia redioni." Nikamwambia aache maneno achomelee. Lakini nilifurahi, siku nzima nilikuwa natembea nimenyooka.

Sasa mahali penye mishale. Hapo tumekaa jioni mbili nzima. Edson kasema, "Mama, hapa mbona kaacha wazi? Na mishale inaingia ndani." Nikamwambia, "Ndiyo maana kaichora. Anatuonyesha mvua na vumbi vinakoingilia. Kasema tupaangalie sana." Edson akakuna kichwa, akasema labda. Nikamjibu, "Labda ya nini? Mwanangu namjua. Yule alilelewa ndani ya blanketi."

Basi tumepaangalia. Edson amekata bati tukaizungushia injini pande zote kama sanduku, na ndani nimeshonea gunia na kipande cha lile godoro la zamani, ili ikae vizuri isigongegonge. Mdomo wa kabureta tu ndio uko nje, huo Edson alikataa katakata kuuziba. Mahali pengine pote hata sisimizi hapiti. Mvua kubwa imepiga juzi, nikafungua nikapapasa: kavu kabisa. Nikasema baba yake Makoye angeona hii pikipiki yake inavyotunzwa, na yeye aliyekuwa anailaza nje.

Sweta limefika kifuani. Nimelifanya refu mgongoni kwa sababu kwenye winchi utakuwa unainama.

Mimi mama yako,
Apolonia


Ngokolo, Shinyanga
Jumapili, 25 Februari 2024

Makoye! Makoye!

Limewaka!

Leo baada ya misa. Edson kapiga kiki mara moja, kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikaunguruma, ile ile sauti, mwanangu, ile ya baba yako akikata kona ya dukani jioni. Unajua nilifanya nini? Nilikimbilia jikoni kutenga maji ya kuoga. Nimeshaweka sufuria jikoni ndipo nikakumbuka. Nikakaa chini hapo hapo nikacheka na kulia pamoja, moshi wote machoni.

Edson ameliendesha mpaka dukani kwa Baba Feisal, akashuka akaligeuza kwa mkono, akalirudisha. Limetembea! Watoto nyuma kama arusi. Baba Feisal katoka dukani na kalamu sikioni, kasimama katikati ya njia. Nikamwambia, "Haya, ndege ndiyo hiyo." Kasema, "Mama Makoye, nimekukubali. Kesho ukirudi sokoni nakupa soda."

Ndiyo, kesho Jumatatu asubuhi tunakwenda sokoni mjini. Edson anaendesha, mimi nakaa pembeni na kapu langu. Barua hii naifunga leo, Januari akifika kesho aikute tayari, ya kesho nitakuandikia vizuri. Anza kufunga begi lako kidogo kidogo.

Mama yako mwenye furaha,
Apolonia


Kalangalala, Geita
Jumapili, 25 Februari 2024

Mama, shikamoo. Hii soma haraka.

Jumapili iliyopita sikushuka mjini, barua yako ya tarehe kumi na moja nimeipata leo hii. Nimeazima simu ya Hosiana nimempigia Edson mara tano, haipatikani. Nampa Januari barua sasa hivi, basi lake linaondoka asubuhi.

Fungueni. Toeni bati, toeni gunia, toeni godoro, vyote. Injini ya gari ina maji ya kuipoza. Ya pikipiki haina maji, inapozwa na upepo tu. Ndiyo maana ile silinda ina vile vyuma vyembamba vimepangwa kama kurasa za kitabu, upepo upite katikati yake. Mishale ile ni upepo, mama. Ikiwa imezibwa, ukienda mwendo wa dakika chache oili inaungua, pistoni inavimba na kukamata ndani ya silinda. Ikikamata imenoki, na kwa injini ya zamani kama ile ya baba ndiyo basi tena.

Msiiwashe mpaka mfungue. Kosa ni langu. Nilichora mishale sikuandika neno.

Makoye


Ngokolo, Shinyanga
Jumapili, 10 Machi 2024

Makoye baba,

Barua yako ya mishale ilifika. Tulifungua mapema, usiwe na wasiwasi. Bati tulitoa, gunia tukatoa, kila kitu.

Na sokoni tumekwenda. Tumekwenda na kurudi. Tuliondoka saa tatu, hapakuwa na jua kali, kulikuwa na mawingu. Edson alivaa shati la bluu. Trafiki wa pale barabara kuu alitusimamisha, akatuzunguka mara mbili, akauliza hii ni nini, Edson akasema ni gari, trafiki akacheka akatupungia mkono twende. Nilinunua nyanya, vitunguu, na dagaa wa Nkome. Mama mmoja wa mboga aliniongeza fungu la mchicha kwa sababu ya gari. Kurudi tulirudi vizuri kabisa, hata kile kilima kidogo lilipanda bila kulalamika. Baba Feisal alinipa soda, ilikuwa ya machungwa, ya baridi.

Basi ile ahadi imetimia. Uliniandikia kwa mkono wako, na karatasi ninayo kwenye Biblia. Njoo nyumbani. Usingoje mgao wa mawe, usingoje chochote, aga tu uje.

Edson ana kazi nyingi siku hizi, simwoni. Mwandiko unayumba kwa sababu nina mafua.

Mimi mama yako,
Apolonia


Kalangalala, Geita
Jumapili, 24 Machi 2024

Mayu wane, shikamoo, shikamoo tena!

Barua nimewasomea watu wote hapa kwa Hosiana. Ile ya trafiki niliirudia mara tatu, Hosiana kakataa kupokea hela ya chai. Yaani mama! Watu wanasomea magari vyuoni, wewe umelitengeneza kwa uzi wa sweta!

Nimeaga. Davis kasema, "Ukitoka kwenye winchi, Injinia, jua hiyo nafasi ina watu ishirini wanaiomba. Usije kunililia hapa." Nikamwambia mimi silii tena, mimi nina gari. Hapo hapo nafasi kampa mtu mwingine, na nguo zangu za kazi nimezigawa.

Nakuja Jumamosi ya Pasaka. Nimekununulia kioo cha pembeni, cha upande wako wa abiria, ujione ukiwa unakwenda. Jumatatu ya Pasaka nataka tuzunguke mji wote, mimi naendesha na wewe pembeni na kapu lako.

Mwambie Baba Feisal aandae soda mbili.

Mwanao,
Makoye


Ngokolo, Shinyanga
Jumatano, 3 Aprili 2024

Mwanangu,

Kioo chako umekiacha mezani. Nimekigeuza, kinatazama ukuta.

Hukunitukana. Heri ungenitukana. Jumamosi uliingia unacheka, begi hujalitua, ukaenda moja kwa moja kwenye gari ukapiga kiki. Mguu ukagota. Ukapiga tena, ukagota. Ukainama ukaweka kiganja juu ya silinda, kama mimi nilivyokuwa nakupima homa. Halafu ukaona bati liko pale pale limezunguka, na gunia, na godoro limeungua limekuwa jeusi. Uligeuka ukanitazama, na mimi nikasema, "Chakula kipo tayari." Ndilo neno nililopata, Makoye. Chakula kipo tayari.

Jumapili umenisindikiza kanisani. Umeimba. Ukala pilau, ukasema ni nzuri. Mimi nikadhani labda, labda. Jumatatu nimeamka nikakuta kitanda kimetandikwa, blanketi limekunjwa juu yake.

Sasa nakueleza yale niliyopaswa kuyaandika tangu Februari. Sokoni tulifika kweli. Watu walipiga makofi, na yule wa mchicha ni kweli. Kurudi, kwenye kile kilima, nikasikia harufu ya gunia linaungua. Edson akasema, "Mama, hii siyo harufu nzuri." Nikamwambia songa, tumekaribia. Mimi ndiye niliyesema songa, Edson usimlaumu. Kikalia kitu mlio mmoja, kama kikombe kimeanguka, na gari likasimama. Tukashuka tukasukuma. Baba Feisal alituona kwa mbali, akaacha duka wazi, akaja akaweka mabega akasukuma na sisi mpaka uani. Angecheka ningeweza kumjibu. Na pale uani nikamkuta Januari amesimama na barua yako mkononi, ile ya kusema msiiwashe.

Nilidanganya ili utoke huko. Nilifikiri ukishafika nyumbani, ukala, ukalala kitandani kwako, gari halitakuwa na maana tena. Sikujua kwamba gari ndilo lililokuwa linakuleta.

Edson anasema ameona silinda imechanika ndani, haiponyeki. Rudi bila gari. Ile ahadi naifuta. Rudi tu.

Mama yako,
Apolonia


Kalangalala, Geita
Jumapili, 14 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Sijakasirika. Kosa la mishale lilikuwa langu, nilishaliandika. Niliondoka mapema kwa sababu ya basi tu.

Nyumbani sitarudi kwanza, nikae nifanye nini pale uani? Kila nikifungua mlango gari linanitazama.

Nimerudi kazini, Davis amenipokea vizuri. Nafasi yangu ya winchi nimepewa ile ile. Siku hizi wameweka kibanda cha turubai juu yetu, kuna kivuli, na wamenunua benchi jipya la mbao, kiti kina mgongo. Saa nne tunakunywa chai na mihogo. Winchi yenyewe wameipaka grisi, inazunguka laini. Hewa ni nzuri huku juu, upepo unatoka ziwani. Mwenzangu wa winchi ni mtu wa mzaha, siku nzima tunacheka.

Naomba kitu kimoja. Ile tochi ya kufunga kichwani iliyo kwenye droo yangu, mkanda wake ni mzuri kuliko wa huku. Mpe Januari. Sweta usitume.

Makoye


Ngokolo, Shinyanga
Jumapili, 28 Aprili 2024

Makoye mwanangu,

Tochi nimempa Januari, utaipata kwa Hosiana pamoja na hii.

Uongo wako nimeujua kabla sijamaliza kusoma. Umeujua wangu kwa mkono, mimi nimeujua wako kwa macho. Umeandika kama nilivyoandika mimi Machi: umesema sana. Mimi nilikuwekea shati la Edson na rangi ya soda, wewe umeniwekea benchi lenye mgongo. Mtu wa juu, kwenye kivuli, mchana, tochi ya kichwani ya nini, baba?

Nimemuuliza Januari, amemuuliza Hosiana, na Hosiana ameona haya kunificha. Nafasi ya winchi ilishachukuliwa. Ulipojirudisha, Davis kakuambia iliyobaki ni ya chini kabisa, kwenye nyundo na tindo. Unashuka asubuhi, unatoka jioni. Basi mimi niliyetaka kukutoa juu ya shimo ndiye niliyekupeleka ndani yake. Hilo nimeliandika nikalitazama. Nimeona nisilifute.

Nikamuuliza Januari, huko chini mnapumua nini? Akanieleza kwamba kuna mpira mrefu unashuka, na juu kuna mashine inapuliza upepo uingie kwenye mpira uwafikie. Na hiyo mashine inazungushwa na injini ndogo ya petroli. Nikamuuliza, ina maji ya kuipoza? Kasema, "Mama, ni kama ya pikipiki tu." Akashangaa nimekaa chini.

Mimi sina elimu, ninajua kitu kimoja tu katika mambo ya injini, na nimekijua kwa bei yako. Ni nani anakaa kwenye hiyo mashine? Ana mama? Mwambie kuna mama wa Ngokolo anamwamkia. Mvua ikianza, kila mtu anatafuta kitu cha kufunika chombo chake, hata mimi ningefanya hivyo, nilifanya hivyo. Mwambie asiifunike kwa kuionea huruma.

Bati nimelitoa. Nimemwita Edson akalikata lote, gunia nimechoma. Injini ya baba yako iko wazi, inapigwa upepo kutwa nzima pale uani. Najua haina faida sasa. Nimeona tu nisiiache imezibwa.

Sweta nimelifumua. Nyuzi nimezikunja, zimekuwa mpira mmoja mkubwa, paka anachezea.

Mama yako,
Apolonia


Ngokolo, Shinyanga
Jumapili, 19 Mei 2024

Makoye,

Januari anasema barua yangu ya mwisho wa Aprili bado iko kwa Hosiana, kwenye kopo la sukari, na tochi iko juu yake. Jumapili tatu hujashuka mjini. Hosiana anasema labda mmepata mawe mazuri mnaogopa kuyaacha. Nimesema ndiyo, itakuwa hivyo. Baba Feisal naye amesema itakuwa hivyo, na amekataa hela ya sabuni.

Hii siifungi kwa gundi. Nimemwambia Januari amwambie Hosiana aisome mwenyewe, na amsomee mtu yeyote anayepanda kwenda kwenye duara la Davis, awe mchimbaji, awe muuza maji, awe nani. Wewe ukiikuta ni vizuri. Usipoikuta wewe, imfikie yule wa kwenye mashine ya upepo, maana ndiye anayekutunza sasa kuliko mimi.

Ndugu yangu, sikujui jina. Mimi ni mama wa Makoye, yule wanayemwita Injinia, yuko kwenye mpira wako huko chini. Sikuombi kingine. Leo huku Shinyanga kumekucha na mawingu mazito, na mawingu yetu yanakwenda upande wenu. Ikinyesha, jifunike wewe. Mashine iache ilowe.

Apolonia, mama yake